Naombeni ushauri, kesi za wazee wanaonyanyaswa ni nyingi na sisi tuko watatu tu

Habari zenu wadau, niko kitengo cha ustawi wa jamii, tunashughulika na watu wazima wasioweza kujilinda, yaani wazee na wenye ulemavu wanaopigwa, wanaotelekezwa au wanaoliwa hela zao na ndugu. Tuko watatu, gari la kuazima, mafaili hayaishi mezani. WHO wanasema kwa wenye miaka 60 na kuendelea karibu mtu 1 kati ya 6 hufanyiwa ukatili ndani ya mwaka, na wengi hawasemi.

Juzi nimeenda kwa bibi mmoja, kila nikimuuliza kitu anamtazama kwanza mpwa wake ndo anajibu, na kadi yake ya benki anayo huyo huyo mpwa. Nikaomba nibaki naye peke yake dakika 10 tu, akaanza kulia. Taarifa yake ilikaa kwetu wiki 3!! Imeniuma mpaka leo silali vizuri.

Sasa waliowahi kufanya kazi hii, mnapangaje ipi iende leo na ipi isubiri? Tulijaribu kupiga simu kwanza ila mara nyingi anapokea mnyanyasaji mwenyewe. Nafikiria tuwashirikishe wahudumu wa afya wanaopita majumbani na watu wa benki watushtue mapema, lakini naogopa siri za watu zisivuje. Na wa kujitolea mnawapa kazi ipi, na ipi hamuwapi kabisa? Mwenye fomu fupi ya kupima hatari anisaidie jamani.