Acheni kusema baiskeli imekufa Tabora, inauawa!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Kila kijiwe wimbo ni uleule: zama za baiskeli zimepita, mji sasa ni wa bodaboda na bajaji. Juzi mtu mzima, msomi, akaongeza kwamba hata ughaibuni, kwenye miji iliyosifika kwa baiskeli, watu wanaziacha, sasa sisi tunang'ang'ania nini?

Huo ni ukweli nusu. Portland kule Marekani, mwaka 2014 karibu asilimia 7 ya wafanyakazi walikwenda kazini kwa baiskeli. Kufikia 2021 hawakufika hata asilimia 3. Sawa. Lakini korona ilikuwa imewahamishia wengi kazi nyumbani. Na mbona hamtaji Paris? Wameondoa magari kandokando ya mto Seine, wamejenga njia za baiskeli, na leo ndani ya mji safari za baiskeli zimezipita za magari. Uholanzi je? Nao baada ya Vita Kuu ya Pili walikimbilia magari, watoto wakafa barabarani, wazazi wakaandamana miaka ya 1970 mpaka njia zikatengwa. Stesheni ya Utrecht sasa ina maegesho ya baiskeli 12,500. Hawakuzaliwa wakiipenda baiskeli kuliko Mnyamwezi!

Turudi kwetu. Mji ni tambarare, miembe inatoa kivuli, kutoka Ipuli au Kiloleni hadi sokoni nani anahitaji injini? Mkaa, asali, kuni, mgonjwa, mwanafunzi, wote wamepanda karia. Kilichobadilika ni barabara. Lami imekuja, magari yanakimbia, na mwenye baiskeli hakuachiwa hata futi moja. Pembeni kumejaa mchanga, kokoto na pikipiki zinazosubiri abiria. Ukibaki kwenye lami, lori linakupigia honi mpaka uingie mtaroni. Ukipanda njia ya waenda kwa miguu unatukanwa, na wanaokutukana wana haki, pale ni pa mama mwenye mtoto mgongoni.

Jirani yangu muuza maziwa aligongwa na bajaji iliyochepuka ghafla. Madumu yalipasuka, mguu ukavunjika. Baiskeli kaiuza. Sasa kila asubuhi analipa bodaboda, faida yake yote inaishia kwenye petroli. Halafu mtu ananiambia huyu mama kaacha baiskeli kwa kuwa kaendelea!

Na dharau nayo. Fika na baiskeli kwenye geti la ofisi, mlinzi anakuhoji unaipeleka wapi, huku gari la nyuma yako linafunguliwa bila swali.

Ninachodai ni hiki: barabara yoyote itakayojengwa au kupanuliwa hapa mjini, michoro iletwe kwenye mkutano wa mtaa kabla mkandarasi hajamwaga kifusi, na njia ya baiskeli iwemo. Tena iwe na ukingo wa zege, siyo mstari wa rangi. Dar waliweka njia za baiskeli kandokando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, pikipiki na wachuuzi wakazivamia.

Ndugu zangu wa Kigoma, nyie mna mlima wa kupanda kwenda mtaa wa Mwanga, kwenu hali ikoje? Na wa Tabora, kuna diwani aliyewahi kulisema hili kikaoni? Kama yupo, taja kata tu, jina sihitaji.