Unguja mpaka Maskati ni masaa mangapi hasa? Tiketi yanichanganya

binti_wete: Asalaam aleykum jamani. Bi mkubwa wangu, yupo huku Pemba, anakwenda Maskati kwa mdogo wangu, kajifungua, ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja. Sasa tiketi ya kwenda anaruka 15:10 anafika 21:25, masaa sita na robo hayo, ya kurudi anaruka 09:20 anatua Unguja 13:40, manne na dakika ishirini tu. Kwani njia si hiyo hiyo? Au kwenda inapitia pahala? Miguu yake huvimba akikaa sana ndo maana nataka kujua atakaa kitini muda gani.

wa_mazizini: Waaleykum salaam dada. Haipiti pahala. Kwenye tiketi kila saa ni ya pale pale, ya kuondoka ya Zanzibar, ya kufika ya Oman, na Oman wapo mbele yetu kwa saa moja, huku ikiwa saa tisa mchana kule saa kumi. Kwa hiyo kwenda punguza saa moja, kurudi ongeza moja, utaona zote zinakuja matano na robo, matano na dakika ishirini. Na ni hivyo mwaka mzima, si sisi si wao hatusogezi saa kama Uingereza.

nipo_ruwi: Kweli kabisa. Masafa ni kama kilomita 3,900 kwa mstari ulonyooka, ndege ikishatulia juu inakwenda zaidi ya 800 kwa saa lakini kupanda na kushuka inakula muda, na upepo nao una kazi yake, ndo hizo dakika chache zinazopishana. Bi mkubwa muombee kiti cha njiani asiwe anasumbua watu, ainuke atembee kidogo kila baada ya saa hivi, maji anywe. Na kwa miguu hiyo amuone daktari kabla, usiache.

mama_chake: Mnahesabu Maskati, Pemba mmeisahau! Ndege ndogo Chake mpaka Unguja nusu saa tu lakini mzigo mara nyingi kilo 15, na mtu anaekwenda kwa mzazi haendi mikono mitupu, ana pilipili manga yake, ana mdalasini, ana kanga, hizo 15 zishakwisha. Bora boti ya bandari ya Mkoani na mzigo wake wote. Ila asije siku ile ile mwanangu, kiwanjani anatakiwa masaa matatu kabla, yaani saa sita awe keshafika, na bahari ikichafuka boti inachelewa au haitoki kabisa. Alale Unguja.

binti_wete: Ahsanteni sana, nimefahamu. Ndege ni Jumatano, namkatia boti ya Jumatatu, atalala kwa khaloo Mwanakwerekwe. Kiti cha njiani naomba leo leo.