Wakuu, nachora katuni ya kutisha ila wasomaji wanacheka. Nakosea wapi?

Mchora_Usiku: Habari za humu ndani wakuu. Nina kitabu cha katuni, kurasa 24. Ugonjwa umemaliza watu, Dar imebaki magofu, mazombi wamejaa Kariakoo mpaka juu ya mapaa ya maduka. Damu sijabania hata kidogo. Juzi umeme umekatika nikampa mdogo wangu asome kwa tochi ya simu. Akacheka. Akauliza huyu zombi wa ukurasa wa 3 mbona kafanana na baba mdogo. Mimi nataka mtu akimaliza aogope kwenda chooni. Natanguliza shukrani.

fundi_wino: Mkuu, umeshajijibu. Kama ukurasa wa 3 tumemwona zombi mzima mzima, hizo 21 zilizobaki unamtisha nani? Katuni haina sauti, huwezi kumshtua mtu kwa kishindo kama sinema. Na jicho linawahi kurasa zote mbili zilizo wazi kabla hata hajaanza kusoma. Pa kuficha kitu ni nyuma ya karatasi tu. Fremu, yaani kisanduku cha picha, ya mwisho ya ukurasa wa kulia weka mlango uliofunguka kidogo, basi. Afunue kwa mkono wake mwenyewe. Ukiitoa kwa ajili ya simu, acha nafasi tupu ndefu kati ya fremu na fremu, kidole kiteleze weee hakijafika.

Kombo_wa_Ng'ambo: Mwaka 1995 Unguja, enzi za popobawa, lile jini la usiku, nilikuwa mtoto. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa. Popobawa mwenyewe sikumwona. Kilichonimaliza ni babu yangu, mvuvi, mtu wa kulala baharini peke yake, nikamwona amekaa macho hadi alfajiri na hasemi kitu. Chora uso kama ule.

Kijiti: Mnamzuia mwenzenu damu bure. Mimi damu naipenda.

fundi_wino: @Kijiti hakuna aliyemzuia. Ila The Walking Dead, ile katuni ya mazombi ya Marekani, imetoka 2003 mpaka 2019, matoleo 193, kurasa za ndani nyeusi na nyeupe. Damu yenyewe haina wekundu. Ukifika mbali maiti unawazoea kama mbwa wa mtaani, unabaki kuwaogopa walio hai.

Mama_Teddy: Mimi katuni nasomea saluni tu, mnisamehe. Lakini wanangu, dunia ikiisha kila mtu anachora ghorofa limeanguka. Ghorofa nani ana habari nalo? Chora bomba la mtaani. Madumu ya njano yamepanga foleni, wenyewe hawapo, vumbi limetanda juu yake. Endelea na hadithi yako. Kurasa nne mbele rudi bombani: dumu la kwanza halipo, mengine yamesogea. Rudi tena. Yamesogea.

fundi_wino: Mama, saa sita usiku hii jamani.

Kijiti: Nani anayasogeza??

Mama_Teddy: Mwanangu, mimi nimeleta madumu tu.

Mchora_Usiku: Mrejesho wakuu. Kariakoo nimeifuta yote, roho imeuma maana yale mapaa yalinila wiki mbili. Zombi hayupo tena, baba mdogo amesalimika. Bombani narudi mara tano, maneno hakuna. Mdogo wangu nimempa asome jioni hii. Hajacheka. Amerudisha simu, ametoka nje, akaliingiza dumu letu ndani.