Nina diploma ya uuguzi, ajenti anataka nikaanze upya Ujerumani

Nesi_Kilifi: Hamjambo. Nina diploma ya uuguzi na miaka sita wodini. Ajenti anataka shilingi 250,000 anipeleke Ujerumani kusomea uuguzi miaka mitatu, ati Kijerumani cha kiwango cha B1 chatosha. Mama yuko tayari kuuza kipande cha shamba. Mlioko huko, nishaurini.

ZamuYaAsubuhi: Dadangu, mama asiuze shamba. Mimi nilikuja hivyo hivyo 2021, diploma ikiwa ndani ya bahasha, nikakaa darasani miaka mitatu nikifundishwa kupima presha. Njia hiyo ni ya mtu ambaye hajasomea kazi. Wewe omba diploma yako itambuliwe, wenyewe huita Anerkennung. Watalinganisha masomo yako na yao, wakuandikie kilichopungua, kisha utafanya mtihani au mafunzo hospitalini. Wakati huo unalipwa kama msaidizi. Leseni yenyewe inataka Kijerumani cha B2, ngazi moja juu ya B1.

Na hiyo B2 usiitafute kwa ajili ya cheti tu. Mimi naingia nyumba ya wazee saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya chai nimeshawavalisha wanane soksi za kubana miguu, zile ngumu mpaka vidole vinauma. Kuna bibi wa miaka 91 anayeongea lahaja ya kwao tu. Siku moja alinishika mkono akasema kitu, nami nikaitikia “ja, ja” (ndiyo, ndiyo) huku natabasamu. Kumbe ananiambia kifua kinambana. Aliyemwelewa ni mwenzangu aliyekuwa akipita mlangoni. Mkono ule nausikia hadi leo.

Mzee_Likoni: Si mkataba wa wafanyakazi kwenda Ujerumani ulitiwa saini Berlin, Septemba 2024, mbele ya Ruto na Scholz, kansela wa Ujerumani wakati huo? Nafasi za kazi 250,000!

ZamuYaAsubuhi: Mkataba upo, mzee wangu, lakini hauna idadi yoyote. Hiyo ya nafasi 250,000 serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha.

Nesi, jambo jingine: kampuni zenye alama ya “Faire Anwerbung Pflege Deutschland”, yaani uajiri wa haki wa wauguzi Ujerumani, hazimtozi muuguzi, gharama ni ya mwajiri. Muulize ajenti kama amesajiliwa na National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya Kenya. Tena soma kwa makini kipengele cha kurudisha pesa ukiacha kazi mapema. Rafiki yangu alikitia saini bila kukielewa, akadaiwa maelfu ya euro.

Nesi_Kilifi: Mungu akubariki, dada. Nimemsomea mama yote. Ajenti nimemwomba namba ya usajili tangu jana asubuhi. Ameusoma ujumbe, hajajibu.