Miezi minane naangushwa tu: judo imewasaidia nini nje ya mkeka?

MamaVitenge

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nauza vitenge Kariakoo, na tangu mwezi wa pili nasoma judo. Sikupanga. Nilikuwa nampeleka binti yangu wa miaka tisa, nakaa kwenye benchi na simu yangu, mpaka siku moja sensei akaniambia, mama, badala ya kukodolea hiyo simu saa nzima, vua viatu upande. Nikapanda.

Sasa nikipiga hesabu, nusu ya muda wote huu nimekuwa naanguka. Kinyumenyume, kwa ubavu, kwa kubingirika. Wanaita ukemi. Binti yangu anaanguka kama paka, mimi naanguka kama gunia la mpunga linaloshushwa kwenye Fuso. Nikirudi nyumbani mume wangu ananichua mgongo huku anacheka: "Yaani umelipa ada ili uangushwe?"

Kila tukimaliza, sensei anatupigisha magoti na kutuambia judo si ya humu ndani, ni ya maisha. Nikimuuliza maisha yapi, anatabasamu. Basi nawauliza mliotangulia: kuna aliyewahi kuitumia kweli? Simaanishi kumpiga kibaka. Namaanisha dukani, nyumbani, kwenye madeni. Na tafadhali msinijibu "nidhamu". Nidhamu nilishafundishwa shule ya msingi, kwa fimbo. Nataka kisa.

Mpita Njia

Mteja akiomba kitenge cha elfu thelathini kwa elfu kumi, mwangushe.

Bajaji Chumbageni

Mdogo wangu, nina miaka 51, niko Tanga, nina bajaji mbili. Zilikuwa tatu, nitakueleza. Judo nilianza nikiwa na miaka 29, nikafika mkanda wa kahawia, goti likanisimamisha hapo.

Kwanza huko kuanguka unakokudharau. Masika ya mwaka juzi nilikuwa nashuka ngazi, vigae vimelowa, mkononi nina mfuko wa vitumbua. Miguu ikaenda mbele, mimi nikabaki nyuma. Sikuwaza chochote. Nilikuja kushtuka niko chini, kidevu kimeng'ang'ania kifuani, kiganja kinawaka kwa kupiga sakafu, kisogo hakijagusa kitu. Nikaokota vitumbua nikaenda zangu. Mwezi huohuo jirani yangu aliteleza uani kwake, akatanguliza mkono kujizuia kama kila mtu anavyofanya, kifundo kikavunjika. Wiki sita na POP. Mkono ulionyooka unapokea uzito wote mahali pamoja. Ukipiga chini kwa mkono mzima, kiganja mpaka kiwiko, uzito unasambaa. Na gunia la mpunga, ukiliangalia vizuri, halivunjiki kitu.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni kugonga.

Utafika huko. Mwenzio akikukaba shingo au akikunyoosha kiwiko, unamgonga mara mbili, naye anaachia papo hapo. Hakuna anayecheka. Mnainamiana, mnaanza upya. Mimi mwaka wangu wa tatu nilikataa. Aliyenishika alikuwa kijana wa chuo, mwembamba, mkanda wa njano, na mimi tayari nina wa kijani na watoto wawili. Nikasema moyoni, huyu hanigongeshi. Kiwiko kikalia. Miezi miwili mke wangu ndiye aliyekuwa ananifunga vifungo vya shati.

Turudi kwenye bajaji. Ya tatu niliinunua kwa mkopo, marejesho kila wiki. Dereva wa kwanza alikuwa mtu mzuri, wa pili akawa analeta hesabu pungufu, kisha injini ikafa. Nikaanza kulipa marejesho kwa hela za zile mbili. Wiki ya kwanza, ya pili. Ya tatu nimeshika simu nimpigie shemeji anikopeshe nikamlipe mkopeshaji, kiwiko kikauma. Huwa kinauma kukiwa na baridi, na siku hiyo kulikuwa na jua la kupasua mawe. Nikajua niko palepale: nimeshikwa, ninachongojea ni mlio.

Asubuhi nikaenda ofisini kwao kabla sijachelewesha hata rejesho moja, nikawaambia hii imenishinda. Walinikodolea macho, maana wamezoea kutafuta watu, si kutafutwa. Tukakubaliana niiuze wakijua, nimalize deni, kitakachobaki changu. Ikabaki laki moja na themanini. Aibu ilikuwepo, kijiweni mwezi mzima waliniita Mzee wa Kupunguza. Zile mbili ziko barabarani mpaka leo.

Na huyo Jigoro Kano aliyeianzisha judo, kazi yake ilikuwa ualimu. Shule yake ya judo, Kodokan, aliifungua mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, mikeka 12 tu. Ujanani alikuwa na umbo dogo, akionewa. Alikuwa akisisitiza mtu atumie nguvu pale zinapozaa. Mimi nilisoma hayo baada ya kiwiko. Ningeyasoma kabla, yangepita sikio hili yakatokea hili.

Mkanda Mweusi Moro

Natofautiana kidogo na mzee. Mimi nilicheza karate miaka sita, na miwili ya mwanzo ilinipa kiburi tu. Konda akinirudishia chenji pungufu, nilikuwa nakunja ngumi kabla sijahesabu. Ukutani kwetu kulikuwa na yale maneno ya Gichin Funakoshi, yule aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, kwamba kwenye karate hakuna kuanza kushambulia. Niliyapita kila siku kama kalenda ya mwaka jana. Aliyenituliza ni mama mkwe. Kwa hiyo dada, usiutegemee mkeka ukufanyie kazi yote.

Neema wa Mbeya

Mzee wa bajaji, swali. Unajuaje kwamba hapa ni pa kugonga na hapa ni pa kuvumilia? Kila biashara inauma mwanzoni. Ningegonga kila nilipoumia, saluni yangu isingefika hata mwezi wa pili.

Bajaji Chumbageni

Umeuliza penyewe, mwanangu. Kwenye mkeka, kama bado naweza kusogeza nyonga, napambana, hata kama inauma. Nyonga zikishafungwa na mkono umenyooka, nagonga. Kwenye mkopo, upande pekee uliokuwa umebaki wa kusogea ulikuwa mfuko wa shemeji. Hiyo si nyonga yangu. Saluni yako, bila shaka, ulikuwa unaumia huku unasogea.

MamaVitenge

Shikamoo kaka mkubwa. Nimesoma uzi huu mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga duka.

Nina mzigo wa vitenge vya maua ya zambarau tangu sikukuu. Hakuna anayevigusa. Kila wiki nakataa kuvishusha bei kwa sababu niliwabishia majirani zangu wa fremu kuwa vitatoka, na mmoja wao ana mdomo. Leo nimevihesabu, viko 46. Kesho navitundika mlangoni kwa bei niliyonunulia, yule mwenye mdomo aseme atakavyo.

Ukemi bado nauchukia.

Halafu jingine: hii nguo nyeupe ya judo, kola imeanza kuwa ya njano kwa jasho. Niitie jiki?

Bajaji Chumbageni

Marahaba. Jiki hapana, inakula uzi, na kola ndiyo inayovutwa kila siku. Loweka kwenye maji ya baridi na siki kidogo, kisha sabuni ya unga. Na usiiache ilale kwenye begi na jasho lake, ianike usiku uleule.