Familia ya Bibi Zena: kikohozi cha Ilham

Mama Ilham: Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Ilham amekohoa tena hadi alfajiri, ingawa mchana hucheza uani bila taabu. Daktari amesema ni pumu na ametupa dawa ya kuvuta, lakini pia ametuagiza tupunguze vumbi nyumbani. Nimeyafunga madirisha yote ya upande wa barabarani, na bado hali ni ile ile.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Mtoto akikohoa zaidi kitandani, mimi hushuku kitanda kabla ya barabara. Ndani ya godoro na mito huishi utitiri wa vumbi, wadudu wasiofika hata nusu milimita, ambao hawaumi bali hula chembe za ngozi zinazotudondoka, na kinyesi chao ndicho kinachochokoza mapafu ya mwenye pumu. Wanapenda unyevu, na hapa Tanga unyevu hautuishi. Yafungue hayo madirisha mchana, barabara ikitulia, hewa ipite.

Mama Ilham: Analalia mto wa sufi alioshonewa na Bibi.

Bibi Zena: Mto huo niliushona kwa mkono wangu, lakini pumzi ya mjukuu wangu ni bora kuliko mto. Utoeni chumbani leo hii. Je, Mwanaidi, kuanika godoro juani kama tulivyozoea hakutoshi?

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo, Mama. Jua linasaidia kwa sababu linakausha, ila kinyesi cha waliokufa hubaki humo humo. Kwa hiyo godoro livishwe kifuniko cha zipu, na shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji yanayochemka, ukiyachanganya na ya bomba nusu kwa nusu, hukaribia kiwango hicho. Koroga kwa mti, usitie mkono. Mdoli wa manyoya alazwe kwenye friza siku nzima, kisha afuliwe.

Baba Ilham: Shikamoo, Shangazi. Chandarua nacho kimejaa vumbi. Tukifue kwa maji hayo hayo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Hapana, tafadhali sana! Chandarua chenye dawa hufuliwa kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, kisha huanikwa kivulini, maana jua huiharibu dawa. Mara moja kila miezi 3 inatosha. Sakafuni pigeni deki badala ya kufagia kukavu, mfute na mapanga ya feni kwa kitambaa kibichi wakati mtoto hayumo chumbani. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma visiwashwe tena ndani ya nyumba hiyo.

Bibi Zena: Udi nimeuacha tangu sasa.

Mama Ilham: Asante, Shangazi. Mto umeshatoka na maji yako jikoni. Akilala vizuri wiki hii, nipunguze dawa ya kuvuta?

Shangazi Mwanaidi: Usipunguze hata mara moja mpaka daktari aliyemwandikia aseme. Nitakuja Jumamosi tulitazame godoro pamoja.