Kidonda cha mama mdogo hakisikii sindano, majibu yamejaa R

Mwana_Ngambo
Asalaam alaykum jamani. Mama mdogo kafanyiwa operesheni ya tumbo hapa Unguja, mshono ukaanza kutoa usaha akiwa bado wodini, anachomwa antibayotiki ya seftriaksoni na homa haishuki. Wakachukua usaha wakauotesha maabara, majibu: bakteria Klebsiela, ESBL, seftriaksoni R (yaani dawa haimuwezi), jentamaisini R, S (yaani inamuua) ni meropenemu na amikasini tu. Dakta kasema bakteria huyu ana jeni za usugu. Sasa ndo mwili wa mama umezoea dawa au vipi, maana yeye kila akikohoa hununua amoksilini dukani? Kaka anataka tutafute seftriaksoni ya kampuni nyengine ilokuwa kali zaidi. Na nyumbani kuna kichanga, naogopa kwa kweli.

Maabara_Pba
Waalaykumu salaam, Mungu ampe shifaa. Mwili hauzoei antibayotiki, sugu ni bakteria mwenyewe. ESBL ni kimeng'enya anachokitoa kikaivunja dawa kabla haijamdhuru, kwa hiyo seftriaksoni itavunjwa tu iwe ya kampuni yoyote, mwambie kaka asitupe pesa. Jeni inayobeba maelekezo ya kukitengeneza, ile inayoonekana sana Afrika Mashariki, inaitwa CTX-M-15, na mara nyingi inakaa kwenye plasmidi, kipete kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, bakteria anampa nakala mwenziwe hata asiyekuwa wa jinsi yake, E. koli, bakteria mwengine wa utumboni, anampa Klebsiela. Linaloniumiza mie ni kwamba plasmidi moja hubeba jeni kadhaa kwa pamoja, ukitumia ovyo dawa moja unawabakisha wenye kifurushi kizima. Amoksilini ya dukani haikuitengeneza jeni, iliwaua bakteria wanyonge tumboni wakabaki wenye nayo wakazaana.

Nesi_wodini
Kichanga msimtenge na bibi yake ila anaebadilisha bendeji asiwe ndo anaemuogesha mtoto, na kama hapana budi basi sabuni na maji yanayotiririka kwanza. Kidonda kikipona bado bakteria anaweza kubaki utumboni miezi, kwa hiyo mikono baada ya choo ni lazima. Halafu jamani wageni, huku kwetu mgonjwa mmoja anakujiwa na mtaa mzima, mtu anakaa kitandani, anamshika mgonjwa, kisha anahamia kitanda cha pili kutoa pole, hivyo ndo tunavyomsafirisha huyu bakteria wodi nzima.

Mwana_Ngambo
Ahsanteni sana. Meropenemu tumeambiwa mara tatu kwa siku na bei yake si mchezo, tukiruka ya usiku?

Maabara_Pba
Hasha, msiruke. Dawa za kundi hili zinafanya kazi kwa muda zinaokaa damuni juu ya kiwango cha kumzuia bakteria, ndo maana ni kila saa 8. Pesa zikikwama mwambieni dakta mapema, amikasini ipo S, yeye ataangalia figo aamue. Meropenemu nayo ishapata mpinzani, jeni ya usugu iitwayo NDM-1 ilionekana 2008 kwa mgonjwa wa Sweden alolazwa New Delhi na sasa imeenea dunia nzima, kwa hiyo hii tuilinde.

Nesi_wodini
Na wakimtoa hospitali ile karatasi ya majibu muiweke, siku akilazwa tena muioneshe kabla hajachomwa chochote.